Sinia la Bi Somoe

Gari la waya lilipoanza kuteremka kutoka Kileleni, Riziki alijipapasa mfuko wa koti kwa mara ya nne. Simu ilikuwemo. Ufunguo wa nyumba ulikuwemo. Tiketi zilikuwa ndani ya bangili walizovaa mikononi, na bangili zile hazivuliki mpaka zikatwe na wenyewe. Hakuna kilichopotea. Hata hivyo mkono wake haukutulia, ukawa unarudi mfukoni kama mkono wa mtu aliyefika stendi na hakumbuki kama alizima jiko.

"Umeangusha nini?" mama mkwe wake akamuuliza.

"Sijui, Mama. Naona kama kuna kitu nimekisahau."

Bi Somoe alikuwa amekaa katikati kabisa ya benchi, macho kayafumba, mkono mmoja umeng'ang'ania nguzo na mwingine umekumbatia sinia lake la aluminiamu lililofungwa kwenye khanga. Alitoka nalo Lindi. Riziki alimweleza mara tatu kwamba wanakokwenda vyombo vipo, akajibiwa kwamba vyombo vya watu ni vya watu. Mbele yao Tausi, binti wa Riziki mwenye miaka tisa, alikuwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya kioo akiyatazama mabonde yanayopita chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hata hapa mtu angeweza kuruka.

Riziki alijua kwamba neno lile lilipaswa kumchoma. Alingoja limchome, lakini halikumchoma. Akajipapasa mfuko kwa mara ya tano.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuwaridhisha wawili wasiotaka kitu kimoja. Tausi alitaka Kileleni, bustani ya milimani ambako watu huruka kutoka mnara wa mita mia mbili bila kamba na kudakwa na upepo unaosukumwa na mitambo ya chini. Bi Somoe alitaka Mwambao, bustani ya kando ya ziwa, akamwone Nassoro, mwanawe na mume wa Riziki, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Riziki mwenyewe alitaka kulala, ila hilo hakuulizwa na mtu. Likizo yake ilikuwa wiki moja, na mwaka ule ndipo zile bustani mbili zilipounganisha tiketi na kutangaza kwamba familia moja inaweza kuzimaliza zote kwa safari moja. Riziki aliona ametua mzigo.

Binadamu mwenye akili zake haruki kutoka mnara wa mita mia mbili. Wenye Kileleni walilijua hilo, ndiyo maana walitia tuliza katika chakula. Tuliza haileweshi wala hailazi. Inazima hofu peke yake na kuyaacha mengine yote yakiwaka. Kila mgeni huletewa bakuli lake lenye kifuniko na jina, limepimwa kwa umri na uzito. La Riziki lilikuwa na kipimo kizima, la Bi Somoe nusu, la Tausi robo. Kifuniko kikifunuliwa, bangili ya mwenye bakuli inaandika kwamba fulani amekula.

Siku ya kwanza mabakuli yalipofika, Bi Somoe aliyatazama kwa dharau, akauliza nani anaumwa. Akalifungua sinia, akayamimina yote matatu humo, wali chini na kuku juu, akawaambia wasogee. Riziki hakupinga. Ana miaka kumi na miwili ndani ya ukoo ule na hajawahi kumwona mtu akila peke yake katika bakuli isipokuwa mgonjwa. Kwa siku nne wakala hivyo, asubuhi na jioni. Bi Somoe alichambua minofu akaisukuma upande wa Tausi, kisha upande wa Riziki, na akikaribishwa alisema ameshiba. Baadaye, kwenye kitanda chake, alikunywa chai na vipande vya mkate wa kumimina aliotoka nao nyumbani.

Tausi aliruka mara kumi na moja. Bi Somoe hakuruka hata mara moja. Alipandishwa mnarani kwa kubembelezwa, akashika chuma akatetemeka mpaka jasho likamdondoka kidevuni, na vijana wa pale wakashangaa, kwa sababu bangili yake ilisema amekula kama wenzake. Wakahitimisha kwamba wazee wengine ni wabishi tu. Riziki alicheka nao. Nassoro alikuwa fundi wa mitambo ya umeme wa upepo, na alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya mmojawapo. Riziki alisimama ukingoni akamwona mtoto wa Nassoro akijitupa hewani mikono imepanuka, na akacheka.

*

Mwambao hakukuwa na kelele. Kulikuwa na nyumba ndogo nyeupe zisizo na madirisha, zimejipanga kando ya maji, na kila nyumba ilikuwa na chumba cha pembeni chenye skrini na mtu mmoja anayeitwa mlinda saa. Wa kwao alikuwa mzee wa makamo kutoka Songea, Bwana Mhagama, mpole na mwenye kurudia maneno kama mtu aliyezoea kuongea na waliofiwa.

Kesho yake aliwaeleza wote watatu pamoja. Ndani ya nyumba kuna kifani, yaani mwili wa mtambo usio na uso, uliovishwa shuka ya kijivu. Kuna moshi mwembamba unaotoka ukutani. Ukiuvuta, ubongo wako wenyewe unakivisha kile kifani sura ya mtu wako, sauti yake, nguo zake, na maneno uliyomjua nayo. Kila mtu anamwona wa kwake kwa namna anavyomkumbuka. Skrini ya nje haioni chochote zaidi ya shuka.

"Mtu anaingia mara moja tu maishani," alisema, "na anakaa saa moja tu."

Riziki aliuliza wanawatoaje watu saa ikiisha. Mhagama alitabasamu kidogo. Hawawatoi, alisema. Wanatoka wenyewe. Hata mtu awe amelia kwa furaha namna gani, chini ya furaha ile mwili unajua kwamba aliyekaa mbele yake ni maiti, na kadiri dakika zinavyokwenda mwili unaanza kuogopa. Kengele ikilia, mtu anasimama upesi na kushukuru kutoka. Nyumba zote za Mwambao zimejengwa juu ya hofu hiyo.

Akaziangalia bangili zao kwenye kifaa chake. Kileleni walikuwa wameleta hesabu ya mabakuli: mtoto amekula robo kwa siku nne, kwa hiyo tuliza imemwisha tangu asubuhi, bibi amekula nusu, naye itakuwa imemwisha kufikia mchana, mama amekula kizima, asubiri hadi kesho. Bustani zile zilikuwa zimeunganisha tiketi na hesabu, basi. Kupimana pumzi hakukuwamo katika mkataba.

Bi Somoe alikuwa amejifukiza udi na kuvaa khanga mpya, doti aliyoinunua mahsusi. Usiku wa kuamkia safari alimwambia Riziki kwamba anajua jambo analokwenda kulifanya halina fatwa, na kwamba atamwomba Mungu msamaha akisharudi, maana kabla ya hapo hawezi kuahidi kutolifanya. Zamu ilipofika aliitwa yeye kwanza. Akainuka, akaitengeneza khanga kichwani, kisha akamtazama mjukuu wake akaketi tena.

"Mtoto kwanza," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa desturi yake. Tausi akaingia saa nane kamili.

*

Kengele ililia saa tisa. Kwenye skrini Tausi alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu kaikunja, anakisimulia kile kifani cha kijivu habari za mnara. Hakugeuza hata shingo.

Mhagama akaipiga kengele mara ya pili, kisha ya tatu. Akaondoa miwani, akairudisha.

"Mama, binti yako haogopi," alisema. "Hata kidogo."

Riziki alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama lini. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Alimwuliza Mhagama nini kitatokea, na Mhagama, ambaye sasa hakutabasamu, alimweleza bila kuficha. Nusu saa nyingine ikipita, picha inaganda. Ubongo unakubali kwamba baba yupo. Mtoto atarudi nyumbani akimngoja, na hakuna atakayeweza kumwambia akaelewa. Wameshapata wawili wa namna hiyo, watu wazima, na mpaka leo wanashinda vibarazani kwao wakitazama njia.

"Basi fungueni mlango mumtoe."

"Tukimtoa kwa nguvu picha inapasuka, na ikipasuka inakwenda na kumbukumbu zenyewe. Atajua kwamba alikuwa na baba, kama anavyojua jina la mkoa. Sura yake hataiona tena, mama. Hata ukimwonyesha picha ya ukutani atamwona mtu baki."

Riziki akalipima jambo lile. Upande mmoja mtoto atakayengoja barazani maisha yake yote, upande wa pili mtoto aliyenyang'anywa baba mara ya pili. Alilipima polepole, kama anavyopima fungu la nyanya sokoni, na hapo ndipo alipojigundua. Mama wa Tausi, mama wa kweli, angekuwa sasa hivi anavunja mlango ule kwa kichwa. Yeye alikuwa anafikiri. Kilichopotea mfukoni mwake tangu jana kilikuwa hicho, hofu yake.

"Nipime mimi," alisema. Mhagama akamletea kifaa cha kupima pumzi, Riziki akapuliza, kikawaka chekundu mpaka mwisho wa mstari. Kipimo kizima kisingeacha wekundu wa namna ile baada ya siku nzima, Mhagama alisema. Akamtazama kwa mashaka.

"Mlikuwa mnakula vipi kule?"

Riziki akamwambia habari za sinia.

Mhagama akasema kwamba hata kwao wanakula hivyo hivyo, kwamba yeye mwenyewe ana watoto sita na sinia moja, na kwamba katika vikao vyote alivyohudhuria vya kuunganisha bustani hizi hakuna mtu, akiwemo yeye, aliyeuliza wageni watakulaje. Akaongeza kwamba mtu mgeni hawezi kwenda kumwita Tausi. Ubongo wa mtoto utamfuta. Hatamwona wala kumsikia. Anayeweza kuonekana mle ndani ni ndugu wa marehemu yule yule, na awe ana hofu yake, asije akakaa naye. Riziki akiingia watakuwa wawili.

"Na bibi?" Riziki akauliza, ingawa alishajua. Aliiona ile mikono iliyoshika chuma cha mnara, jasho likidondoka kidevuni. Katika familia nzima mtu mmoja tu aliogopa kule juu, nao wakamcheka. "Bibi hakula. Anatulisha sisi halafu anasema ameshiba."

"Basi bibi anaweza," Mhagama alisema. "Lakini akivuta moshi ule ndiyo zamu yake imekwisha. Na mlango wa kutokea ukifunguliwa kumtoa mtoto, moshi wote unatoka. Hapati saa. Anapata dakika."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili.

Bi Somoe alikuwa chumba cha pili, ameketi wima ili khanga isijikunje, anangoja kuitwa. Hakujua lolote. Riziki alisimama kwenye kizingiti akamtazama kisogo. Angeweza kurudi akatia saini mtoto atolewe kwa nguvu, kisha mama huyu akaingia akakaa na mwanawe saa nzima, asijue kamwe kilichoulipia muda ule. Au angeweza kumwomba. Hofu, ambayo ingemwamulia, haikuwepo. Ilikuwepo aibu, nzima, haikuguswa na dawa yoyote, na ilikuwa ikimwambia kwamba mama huyu amekuwa akisukumiwa makombo maisha yake yote na sasa anakuja kuombwa na hili.

Akaenda kupiga magoti mbele yake akamwambia yote, bila kupunguza. Alimwambia pia kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba akikataa hatalisikia tena mdomoni mwake.

Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alikuwa na hasira, na hasira yake akaielekeza kwenye sinia lililoegemea ukuta, akalitazama kama mtu aliyemsaliti.

"Miaka mitatu," alisema, "namwota kwa mgongo. Kila nikimwota amenipa mgongo. Nilitaka nimwone uso." Kisha akasimama. "Nionyesheni mlango."

Pale mlangoni alifanya jambo ambalo Mhagama alikiri baadaye hajawahi kuliona kwa mtu yeyote. Aliishusha ile khanga mpya kutoka kichwani, akajifunika uso wote, akaikaza nyuma ya shingo kwa fundo.

"Mama, hutamwona," Riziki alimwambia.

"Nikimwona sitatoka. Hofu ninayo, lakini hiyo haitanitosha kwa Nassoro."

*

Kwenye skrini Riziki alimwona akiingia kwa kupapasa, mkono mmoja ukutani. Moshi ulimzunguka. Akasimama ghafla, mwili mzima ukamtetemeka, na kile kifani kikageuza upande wake kichwa kisicho na uso.

Kilisema kitu. Riziki hakukisikia; kilisemwa ndani ya kichwa cha Bi Somoe peke yake. Alimwona tu mama yule akitingisha kichwa chini ya khanga, na sauti yake ikaja kwenye spika, ya kawaida kabisa, ya jikoni.

"Nimeshiba, mwanangu. Kuleni nyinyi."

Riziki akaweka mkono mdomoni. Nassoro ndiye mtu pekee nyumbani aliyekuwa akimwuliza mama yake kama amekula, na akishajibiwa hakubali, anaukata mnofu anauweka upande wake wa sinia. Alifanya hivyo tangu mdogo.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na moja. Bi Somoe alipiga magoti mkekani, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Tausi, akauvuta akauweka kifuani pake. Tausi alimtazama kwa mshangao. Alimwuliza bibi yake kwa nini moyo unakwenda mbio namna ile.

"Unaogopa," Bi Somoe alisema. "Wako umelala, kwa hiyo wangu unaogopa kwa ajili ya wote wawili. Umechoka, mjukuu wangu. Nitoe nje."

Kifani kilisema tena kitu. Bi Somoe hakukijibu. Alikuwa anatikisika mabega, na kwa sekunde kadhaa mkono wake wa kushoto ulipanda mpaka kwenye fundo la khanga, vidole vikalishika. Mhagama alisimama.

Tausi akaushusha ule mkono, akaushika.

"Twende bibi," alisema. "Nitakushika mimi. Mimi siogopi." Akageuka akakiaga kifani kwa adabu kama anavyoagwa baba anayekwenda kazini, akamwongoza bibi yake kipofu mpaka mlango wa kutokea. Mlango ulipofunguka moshi ulitoka wote mara moja, ukapotelea juu ya maji.

*

Hofu ya Riziki ilirudi asubuhi, yote kwa mkupuo. Alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni akimimina chai, na mara akamwona akilini Tausi akijitupa kutoka mnarani, siyo mara moja, mara kumi na moja, mikono imepanuka. Birika lilimponyoka. Akamkimbilia mtoto aliyekuwa akivaa viatu, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Tausi akalalamika, kisha Tausi naye akaanza kulia, kwanza taratibu halafu kwa kwikwi, akasema hataki kupanda tena gari la waya, hataki kabisa. Riziki alimwambia watapanda basi. Alikuwa akitetemeka na alishukuru kwamba anatetemeka.

Bi Somoe aliokota birika, akamimina tena chai, akapanga viazi na mayai juu ya sinia. Usiku alilala ameupa ukuta uso. Sasa alimenya yai, akasukuma kiini upande wa Tausi na sehemu nyeupe upande wa Riziki, akanawa mikono.

"Kula, Mama," Riziki alisema.

"Nimeshiba."

"Hujashiba. Hujawahi kushiba tangu niolewe. Hatuondoki hapa mpaka umekula."

Bi Somoe alimtazama. Riziki hakushusha macho, ingawa hofu ilikuwa imemrudia na moyo ulimwenda mbio. Mwishowe mama yule akavuta kiazi, akala. Akala kingine. Alikula kama mtu asiyezoea kutazamwa, kichwa chini, na wenzake wakamwacha ale.

Alipomaliza alimgeukia mjukuu wake.

"Baba yako jana," aliuliza, "alikuwa amevaa nini?"

Tausi alifikiri, kiazi mdomoni. "Fulana ya kijani. Ile ya kazini. Ina tundu hapa." Akajigusa begani.

Bi Somoe aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua.

"Nilimwambia aniachie niishone," alisema. "Akasema ataileta siku ya Idi."